Mkono Unaotazama Majani

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Nilipewa kitabu chembamba cha jalada la kijivu na kiti kisicho na mgongo, katika ofisi ya serikali pale Nchelenge, dirisha likitazama ziwa. Karani Mkuu, mtu wa Mwansabombwe aliyevaa tai hata Jumamosi, aliniambia nisome mpaka jua lishuke. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na suruali ndefu moja tu. Niliajiriwa kwa sababu mama yangu alizaliwa Pweto, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo Kiswahili cha madereva wa Kongo kilinitoka mdomoni sawa na Kibemba cha nyumbani.

Ninyi vijana mnaovuka mpaka huku mmesinzia kwenye viti hamwezi kujua kitabu kile kilikuwa na uzito gani. Kilikuwa mkataba wa nchi nyingi juu ya barabara. Kilisema kwamba leseni ya udereva, ambayo Wakongo huiita permi, ikitolewa na nchi moja itaheshimiwa na nchi nyingine, almuradi mwenyewe ametimiza miaka kumi na minane na sura yake ifanane na picha. Gari la mgeni libebe nyuma kibao cha herufi za nchi yake. La Kongo lilikuwa na C.B., letu N.R. Na kama leseni ya mtu haisomeki ugenini, alipewa kibali cha kimataifa, kijitabu chenye maneno yaleyale kwa lugha nyingi, ukurasa baada ya ukurasa.

Kurasa hizo zilinilevya. Nilizifunua polepole, na nje ukungu wa ziwa ukameza mitumbwi, kisha kisiwa cha Kilwa, mpaka nikaona kama barabara zote za dunia zinaanzia dirishani kwangu. Miaka mingi nilimngoja dereva kutoka nchi ya theluji aje kunionyesha kijitabu hicho. Hakuja. Walikuja wabeba samaki.

Jioni ile Karani Mkuu alinikuta ninaota. "Mwaice," aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita kijana kwa Kibemba, "mkataba unatambua karatasi. Mkono wa mtu haujasoma mkataba."

Nilimwelewa nilipohamishiwa kaskazini, kwenye kizuizi kilichokuwa mbele ya Chienge, barabara ya Pweto. Kizuizi chenyewe kilikuwa mti mrefu uliofungiwa jiwe upande mmoja, na kando yake kibanda cha udongo. Kongo wanaendesha upande wa kulia, sisi kushoto, na mahali pa kubadilisha ni pale penye mti. Dereva alinionyesha permi, nikalinganisha picha na sura, nikaandika daftarini, nikainua mti. Karatasi ilikuwa halali kabisa. Lakini baada ya maili mbili za barabara tupu, mikono yake ilirudi kwenye mazoea ya Kongo.

Ndipo tukaanzisha desturi yetu. Nilichana kitenge chekundu kilichochakaa, na kila dereva aliyeingia nilimfunga kipande kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto. "Hii mukono iangarie majani, shofere," nilimwambia. "Paka hii." Maana yake, ukingo wa barabara wenye majani uwe upande wa mkono huo tu siku zote. Akirudi kwao nilimfungua. Hakuna kifungu cha mkataba kilichosema hivyo, na sikumwambia mkubwa yeyote.

Aliyekipenda kitambaa kuliko wote ni Ilunga, dereva wa lori la samaki, mtu mnene wa maneno machache. "Karani, macho yangu inajua," alizoea kusema, na njo kwao ni ndiyo. "Mikono njo inasahau. Funga." Akanyoosha mikono yote miwili, nami nikachagua. Aliniamini kuliko alivyoyaamini macho yake, na nakiri nilijivuna.

Asubuhi moja ukungu ulipanda kutoka ziwani ukachanganyika na moshi wa wanawake waliokausha samaki, hata mti wa kizuizi ukawa hauonekani nchani. Nilipenda asubuhi kama hizo, roho yangu ilitembea. Ilunga alishuka, tukasimama uso kwa uso, akanyoosha mikono. Nikafunga mkono uliokuwa upande wa kushoto kwangu. Mtu akikukabili, kushoto kwako ni kulia kwake. Jambo hilo hata mtoto analijua, na mimi nilikuwa nimelifanya sawasawa mara zisizohesabika. Nikainua mti, akaondoka.

Kabla ya kijiji cha Puta, kwenye kona, alikutana na gari la Bwana D.C., mkuu wa wilaya, aliyekuwa akija kutukagua pamoja na Karani Mkuu. Magari yote mawili yaliingia kwenye mihogo, hili huku na lile kule. Hakufa mtu, nashukuru Mungu mpaka leo. Waliingia kibandani kwangu wote watatu, Bwana D.C. akiwa na tope magotini, Ilunga nyuma yao akinuka samaki.

Mkataba ulikuwa na kifungu kwa siku kama hiyo. Nchi ya ugenini yaweza kumnyima dereva haki ya kuitumia permi yake, ikaandika hivyo kwa wino ndani ya permi yenyewe, na kuwapelekea taarifa waliompa. Ilunga alijua, nami nilijua, kwamba wino huo ukimfikia mwajiri wake Kongo hatashika usukani tena. Hakuwa na kazi nyingine, na nyumbani walimtegemea yeye.

"Uliendesha upande gani?" Bwana D.C. aliuliza, nami nikatafsiri.

"Ya kuume, bwana. Mi njo mwenye kosa."

Karani Mkuu akanisogezea permi niandike, imefunguliwa ukurasa wa mwisho. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, ndiyo maana. Nikachovya kalamu, nikaiweka kwenye karatasi, kisha nikamtazama Ilunga. Mkono wake wa kulia alikuwa ameubana kwapani, lakini ncha nyekundu ya kitenge ilichungulia. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani.

Nikaweka kalamu chini. Nikasema yote: kitambaa, desturi, ukungu, mkono.

"Kitambaa hicho kimo katika kifungu gani?" aliuliza Bwana D.C.

"Hakimo, bwana."

Alikwangua tope magotini. Kisha akasema nimrudishie mtu yule permi yake, na kwamba kesho yake nirudi Nchelenge, chumba cha majalada, nisiguse kizuizi tena. Karani Mkuu alitoka nje akaitazama barabara.

Nilipomfungua Ilunga kitambaa, nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Mi nilishakazeeka ku kazi," alinijibu. "We ungali mupya."

Nilikaa chumba cha majalada mpaka nilipostaafu. Sikupanda cheo, na sitawadanganya kwamba haikuniuma. Mikataba mipya ilifika, nikaipanga kwenye rafu, na siku za ukungu niliendelea kuota barabara zangu za theluji. Ilunga aliendelea kubeba samaki. Akipitia Nchelenge alisimama dirishani, akanyoosha mikono yote miwili, tukacheka.

Mwaka jana binti yake alivuka kutoka Pweto, kichwa kimenyolewa kwa msiba, akanikabidhi bahasha. "Baba alisema, ukifika ku Nchelenge, umupatie karani mu mikono," alisema.

Ndani ilikuwemo ile permi, imekwisha muda wake zamani, picha imefifia hata huwezi kuilinganisha na sura yoyote. Nilifungua ukurasa wa mwisho, ule wa maandishi ya serikali. Ni mtupu. Ila juu kabisa, pale sentensi ingeanzia, kuna nukta moja ya wino, mahali ambapo kalamu yangu ilisimama.