Nilivyofeli Kuumwa

Mimi Gaudensia, msusi wa Peckham huku ughaibuni kwa miaka ishirini, nina mdomo ambao hata mume wangu Humphrey anauogopa. Nyumbani nalia vidole kuanzia chai ya asubuhi mpaka taarifa ya habari. Ni baridi yabisi. Kinga ya mwili imegeuka, inashambulia viungo vya mwenyewe. Hata kinga yangu ni korofi, jamani!

Kampuni mbili za dawa zilikuwa zimeungana kutafuta tiba ya maradhi ya aina hii, na hospitali ikawa inachagua wagonjwa wa kuijaribu. Nafasi ile niliitaka kwa kufa na kupona. Kusuka kumeshanishinda, saluni nimebaki kufagia nywele na kutoa maoni.

Siku ya kupimwa nikavaa kitenge kipya, nikapaka na wanja. Vidole nikavificha chini ya mkoba.

"Habari yako, Gaudensia?" akauliza nesi Poonam.

"Nzuri tu, namshukuru Mungu."

"Na maumivu, kuanzia sifuri mpaka kumi?"

Sasa mtu na adabu zake, umtupie mwenzio kumi hata salamu hazijaisha? "Labda mbili," nikasema, nikamuulizia na watoto wake.

Barua ikaja: samahani, tunachukua wenye maumivu ya sita kwenda juu. Lo! Mimi ninayefungwa sidiria na mume, nimefeli kuumwa!

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," Humphrey akasema. Nikamnunia siku mbili.

Nikapiga simu, nikabembeleza, nikapewa siku moja ya mwisho. Humphrey nikamkataza katakata asifungue mdomo.

"Habari yako?" akauliza Poonam.

"Nzuri tu!" Mjinga mimi.

"Nesi, muulize tena," Humphrey akadakia. "Kwetu ya kwanza huwa ni salamu."

Poonam akaweka kalamu chini. "Gaudensia, habari yako?"

Nikaangua kilio. Nikasema tisa. Nikasema binti yangu Anne aliolewa Agosti akasukwa na mtu baki, nami nimekaa pembeni nasifia mistari. Iliniuma kuliko vidole.

Poonam akaandika tisa, akasema nimepita. Humphrey alikuwa anatazama viatu vyake.

"Siku ile ya harusi si nilikuuliza?" akasema. "Ukanijibu uko sawa."

"Uliuliza mara moja," nikamwambia.