Solfrid, Mlezi wa Wanaolala Nje

Solfrid alizaliwa juma lile lile alilozaliwa Binti Mfalme Sunniva, na hapa kwetu Sildvåg hilo halikusahauliwa. Kwa ajili ya yule mizinga ililia mji mkuu. Huyu alivikwa kofia ya sufu akapelekwa nyumbani kwa mashua ya baba yake, katikati ya samaki. Tangu hapo watu wakamwita Mtukufu. Mpaka leo, akiwa amepiga magoti pale chekechea anafuta makamasi ya watoto, mpishi humwita dirishani, "Mtukufu, kahawa inapoa! Au nikuletee kwenye kiti cha enzi?"

"Weka hapo, kijakazi," naye humjibu.

Habari za Binti Mfalme alizifuata kama mtu anavyofuata habari za ndugu aliyeolewa mbali. Alimwona akianza shule, akiolewa, akifungua madaraja. Kisha akamwona akitoka hospitali mikono mitupu, maana mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati na hakuishi. Binti Mfalme hakujificha. Alisimama mbele ya watu akamtaja mwanawe kwa jina, na tangu hapo kazi yake kubwa ni watoto njiti: kuwafungulia wodi, kukaa na mama zao.

Solfrid naye alikuwa amezika wake, njiti pia. Mume aliondoka, na jina la mtoto likaondoka midomoni mwa watu, kwa sababu kwetu mtu akifiwa tunampelekea supu halafu tunanyamaza. Tunadhani huo ndio upole. Mimi nimelijua jina lile majira haya ya baridi tu, siku nilipomkabidhi Ylva wangu, njiti mwingine, kifua kinakoroma. Solfrid alimpokea, akamnusa utosi, akasema, "Halvard alikuwa na nywele kama hizi." Basi, akaendelea na kazi.

Iliposikika kwamba Binti Mfalme anakuja kufungua chumba kipya cha watoto wadogo pale chekechea, Solfrid alinivuta pembeni.

"Nitamwambia, mama Ylva. Neno moja tu. Kwamba na mimi nilikuwa na mtoto, na jina lake."

"Mwambie. Yeye asipokuelewa, nani atakuelewa?"

Meya alimpanga wa kwanza kwenye mstari wa kupeana mikono. Lakini meya huyo huyo alifanya kosa ambalo mlezi asingefanya: aliweka mapokezi saa ya watoto kulala. Kwa desturi yetu watoto hulala nje mchana, baridi iwe kali vipi, kila mmoja kwenye kigari chake juu ya ngozi ya kondoo, pua tu ndiyo inaonekana. Saa hiyo huko uani hata mlango unafungwa kwa vidole. Sasa bendi ya shule ilisimama mbele ya nyumba, na tarumbeta la kwanza lilipolia nikasikia kikohozi ninachokijua.

Nilikimbia uani. Ylva alikuwa analia na kukohoa, uso mwekundu. Nikambeba, nikamwimbia, wapi! Mara Solfrid huyu hapa, na nguo yake ya sherehe, vifungo vya fedha vinagongana.

"Rudi kwenye mstari, wewe! Gari limeshafika!"

"Mlete."

"Solfrid, ndio anashuka!"

"Mama, unamtikisa kama unasukasuka maziwa. Mlete huyo mtoto."

Akamweka wima kifuani mpaka kikohozi kikatulia, akamlaza, akaanza kusukuma kigari mbele na nyuma, taratibu. Huko mbele watu walikuwa wanapiga makofi. Nikashika mpini nimpokee. Ylva akafumbua macho. Solfrid akaurudisha mkono wake mpinini.

"Binti Mfalme ana mikono mingi ya kushika leo," alisema.

Makofi yakaisha, hotuba ikaisha. Tukasikia visahani vya keki. Kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa, akatoka mwanamke mwenye koti la buluu, na meya nyuma yake akinguruma, "Na huku, Mheshimiwa, ndiko watoto wetu wanako—"

"Shii!" alisema Solfrid, bila hata kutazama anamwambia nani.

Meya akaiva kama nyanya. Binti Mfalme alimwashiria arudi ndani, akaja kwa kunyata juu ya theluji. Kigari cha jirani kilikuwa kimeanza kuguna. Akakishika mpini akakisukuma, mbele na nyuma, akifuata mwendo wa Solfrid. Hawakusalimiana. Walisukuma tu, mpaka mguno ukazimika.

"Wako?" akanong'ona, akimwonyesha Ylva kwa kidevu.

"Wa huyu hapa. Wangu alikuwa Halvard."

"Halvard," Binti Mfalme akasema polepole, kama mtu anayejifunza jina la mgeni wa nyumbani kwake. "Alifanana na nani?"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza Solfrid hivyo.

"Baba yangu," alisema. "Masikio, hasa. Makubwa, maskini wee! Kofia zote zilimkataa."

Akacheka, na katika kucheka akalia, bila sauti, asije akawaamsha. Mkono wake haukuacha kusukuma, wala wa mwenzake.