Sahani ya Jirani

Bakuli la supu aliloniletea mama wa Kichina wa mlango wa pili, hapa ugenini Sanyuanli, aliponisikia nakohoa, lina siku nne mezani kwangu. Nimeliosha, lakini bado linanukia tangawizi.

Kwetu nyumbani, mtaani, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Safari moja mama yangu hakuwa na chochote cha kuweka, sahani ya pilau ikakaa kwetu wiki nzima, hadi jirani mwenyewe akaifuata.

“Nilikuwa naileta,” mama akasema, macho chini.

Jirani akachuma mchaichai wetu uani, akauweka sahanini.

“Ahsante kwa mchaichai, shoga.”

Leo nimechoka kufunga mizigo ya wateja. Humu ndani mna maboksi na gundi tu. Mama wa watu wa mlango wa pili anafungua mlango wake. Nasubiri apite kwanza, ndipo nitoke.