Jina la Mtoto, Jina la Ndege

Mwanangu anaunganisha kindege cha plastiki, mfano wa ndege ya vita ya Wajapani, mezani, hapa Kitengela, na harufu ya gundi imeniinua kitini. Nafungua dirisha, nalifunga, nalifungua tena.

Guka, babu yangu, alipigana na Wajapani kule Burma akiwa kijana. Alituambia Wajapani waliziita ndege zao kwa nambari, wakifuata mwaka wa kalenda yao. Wazungu wakazipa majina mepesi: za kupigana angani, majina ya wanaume; za kuangusha mabomu, ya wanawake. Askari waliyakariri kwa picha.

Siku mdogo wangu alipobatizwa Kajiado, mabati ya kanisa yalikuwa yakilia kwa joto. Mchungaji aliuliza jina. Mama akalitaja, jina la Kizungu alilolichagua mwenyewe. Guka akainuka, akatazama juu, akapenya katikati ya watu na kutoka.

Nilimfuata. Alikuwa akizunguka kanisa, kofia mkononi.

“Guka, ni jina la mtoto tu.”

“Najua. Lakini mimi nililisikia likitajwa kwa kelele msituni ndege ilipotokea, halafu wenzangu wakafukiwa na udongo.”

“Sasa utamwita nani?”

Alizunguka tena, nami nikikimbia kando yake, hadi mama alipotoka na kumwekea mtoto mikononi. Mtoto alikuwa akilia. Guka alianza jina lile, akakwama. Akalianza tena. Mara ya tatu alilitamka lote, polepole, bila kuacha kutembea, macho yake yakiwa usoni pa mtoto.