Fomu Thelathini za Mashuuru

Kwa miaka mitatu nilikuwa kaimu. Kaimu ni mtu anayefanya kazi yote ya mkubwa, analaumiwa kama mkubwa, kisha anasalimiwa kama mdogo. Katika kiwanda cha kushona nguo nilikofanya kazi, nje kidogo ya Kitengela, nilisimamia laini ya watu arobaini na wawili waliokuwa wakishona suruali, na beji yangu ilisema "Kaimu Supavaiza". Hilo neno la kwanza lilikuwa kubwa kuliko la pili, nami niliamini aliyeichapisha alifanya makusudi. Meneja alinieleza bila kuzungukazunguka: lete stashahada ya juu ya usimamizi wa biashara kabla ya mwaka kwisha, nasi tutaliondoa neno lenyewe. Usipoileta, kuna mtu mwenye digrii anayekingoja hicho kiti.

Basi mimi, mama wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa magharibi na mpangaji wa mtaa wa Noonkopir, nikaanza kubeba mkoba wa shule kila Jumamosi. Chuo chetu kilikuwa orofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya magari. Mada nzima ya motisha ya wafanyakazi niliisoma huku chini yetu fundi mmoja akimtukana mwenzake kwa lugha mbili.

Nakiri kwamba masomo yalinipanda kichwani. Nyumbani nilianza kukasimu madaraka. Nilimkasimia mume wangu sufuria ya ugali, naye akajibu kwamba kwa cheo chake yeye ni bodi ya wakurugenzi, na bodi haipiki, inapokea ripoti. Kiwandani nilianza kusema "maono" na "dira" mahali ambapo zamani ningesema "fanyeni haraka". Washonaji walinitazama kwa huruma na kuendelea kushona kwa mwendo uleule.

Jirani yangu wa meza darasani alikuwa mama Mwislamu kutoka upande wa Garissa, mwenye duka la vitambaa mjini. Tuliitana dada. Yeye alikuwa amekuja kusoma kwa sababu alichoka kuambiwa na watoto wake kwamba biashara ina kanuni. Alitaka kuzijua hizo kanuni ili awaambie kwa ushahidi kwamba hazina maana.

Tulipofika mwisho wa kozi, kila mwanafunzi alitakiwa kufanya mradi wa utafiti. Wangu ulihusu usimamizi wa mifugo kama biashara huko Mashuuru, kwa Wamaasai wa kaunti yetu ya Kajiado. Niliuchagua kwa sababu jina lake lilikuwa refu na lilisikika vizuri. Nilitakiwa kwenda sokoni kuhoji wafugaji thelathini na kuwajazia fomu, na swali la nne kwenye fomu, nililolitunga mwenyewe kwa majivuno, liliuliza: una ng'ombe wangapi?

Sikwenda. Ningeweza kusingizia zamu za kiwandani, au jua, lakini ukweli ni uvivu tu. Alasiri moja nilienda kwenye duka la dada nikiwa na fomu thelathini tupu, kalamu sita za rangi mbalimbali na kidau cha wino wa mhuri. Nyuma ya marobota ya vitambaa nikawazaa wafugaji wangu. Wengine niliwaandika kwa mkono wa kulia, wengine kwa wa kushoto, na wasiojua kuandika niliwawekea alama ya dole gumba. Dole langu lilipochoka, dada aliniazima lake. Alicheka mpaka mteja mmoja akaondoka bila kununua.

"Dada, weka hata mmoja alikataa kujibu," aliniambia. "Watu thelathini hawawezi kuwa wazuri hivyo."

Nilikataa. Nilikuwa nimewapenda. Mmoja nilimpa ng'ombe sitini na watatu, mwingine arobaini na mmoja, na mjane mmoja nilimpa tisa tu, nikamhurumia, nikamwongeza wawili.

Mhadhiri wetu alikuwa mwanamume mpole wa makamo ambaye hakuwahi kupaza sauti, hata fundi wa chini alipozidi. Kwamba ni Mmaasai nilijua. Alizaliwa wapi hasa, sikuwahi kuuliza, na hilo ndilo lililoniponza. Jumamosi iliyofuata aliniita ofisini akafunga mlango. Alizifungua fomu zangu moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayesoma barua za rafiki.

"Mama, hii kazi ni safi sana," alisema. "Ulienda siku ngapi?"

"Moja tu, mwalimu. Walinipokea vizuri."

"Naona. Huyu amekuambia ako na sitini na tatu. Huyu arobaini na moja." Aliziweka mezani. "Mimi nimezaliwa Mashuuru. Mzee wangu alikufa bila kuniambia ng'ombe zake zilikuwa ngapi, na mimi ndio kifungua mimba. Wewe umeambiwa na watu thelathini kwa siku moja."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa fupi kupita kiasi. Haikufika hata mlangoni. Nilikuwa nimeishi Kajiado miaka kumi na minane, nikinunua maziwa na nyama ya watu hawa, na sikujua jambo ambalo kila mtoto wao analijua: ng'ombe wa mtu hawahesabiwi. Ukiwataja kwa idadi, unaiita hasara ije.

"Na hawa wazee wawili," aliongeza akiinua fomu mbili kwenye mwanga wa dirisha, "wako na dole moja."

Angeweza kunifukuza. Badala yake alinipa wiki mbili. Akaniambia nianzie kwa mama yake, anayeuza ugoro na sukari sokoni, na nisithubutu kusema nimetumwa na yeye, kwa sababu ataulizwa kwa nini hakuja mwenyewe. Niliondoka nikiwa na aibu, na nikiwa na hofu zaidi ya aibu. Mwaka ulikuwa unakwisha, na yule mwenye digrii alikuwa ameshaonekana kiwandani mara mbili, akitembezwa na meneja.

Nilifika Mashuuru siku ya soko nikampata yule bibi bila shida. Nilimwamkia "Sopa", salamu ambayo sisi wa kuja tumeishika tukadhani tumemaliza lugha yote. Akanitazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Mimi ni mwanamke," alisema. "Sema takwenya."

"Takwenya, yeyo," nilisema, nikiongeza neno lao la mama.

"Iko," aliitikia kwa lugha yake, akanisogezea debe nikae. "Kijana yangu hajambo?"

Nilijitia hamnazo, nikasema simjui kijana wake. Akasema wanafunzi wote wanaotumwa kwake huanza kwa kutomjua kijana wake, na kwamba nimwambie huyo nisiyemjua kuwa mlango wa mama yake bado uko palepale.

Swali la nne sikumwuliza. Nilimwomba tu anieleze juu ya ng'ombe wake, na hapo ndipo biro yangu ilipopata taabu. Alianza na Narok, yaani mweusi, mwenye pembe moja iliyoinama, mwizi wa chumvi. Akaja kwa binti wa Narok, ambaye ana tabia za babu yake. Akaja kwa mwekundu aliyetoka kwa shemeji kama zawadi na ambaye mpaka leo anajiona mgeni. Alieleza nani hapendi kukamuliwa na nani, na nani akitangulia mtoni wengine hukasirika. Niliandika kurasa nne. Mwishoni nilimwuliza, kwa unyenyekevu, anajuaje jioni kwamba wote wamerudi.

"Unajuaje mtoto wako hajarudi?" alisema. "Unahesabu?"

Kisha akawaita wenzake. Wiki mbili hizo nilikwenda sokoni kila siku ya soko na mara nyingine kati yake, na nikapata watu wangu thelathini, wa damu na nyama, kila mmoja na dole lake. Walinicheka sana. Walinisahihisha matamshi, na mzee mmoja alinihoji mimi kwa nusu saa kuhusu suruali. Hakuna hata mmoja aliyenitajia idadi. Katika safu ya swali la nne niliandika mara thelathini, kwa mwandiko wangu mmoja wa halali: "Hawahesabiwi. Wanajulikana."

Dada alipoisoma kazi hiyo alisema sasa inanuka ng'ombe. Ilikuwa sifa ya juu, naye hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo.

Siku ya kutetea miradi aliletwa mtahini wa nje kutoka Nairobi, mtu mzima mwenye suti ya kijivu na uso wa mtu aliyelala kidogo. Mhadhiri wetu aliketi kando yake, lakini kanuni hazikumruhusu kunisaidia. Saini iliyotakiwa ilikuwa ya mgeni. Aliifungua kazi yangu moja kwa moja kwenye jedwali.

"Hapa hakuna namba," alisema.

Nilimweleza sababu. Akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama, utafiti bila namba ni hadithi. Hawa watu wako na ushirikina, na wewe umekuja kuniandikia ushirikina kwa kompyuta. Siwezi kupitisha hii."

Niliiona beji yangu. Nilimwona mwenye digrii kwenye kiti changu, akiwaambia watu wangu habari za dira. Halafu nikawaona wale thelathini, ambao sasa nilikuwa nawajua mpaka tabia za mitamba yao, wakiitwa washirikina na mtu ambaye viatu vyake havikuwa na vumbi. Hasira zangu hazijawahi kuniomba ruhusa.

"Daktari," nilisema, na nilijua nafanya utundu, na niliufurahia, "wewe uko na watoto wangapi?"

Nilitaka ajikwae tu. Nilitaka aone jinsi swali dogo linavyoweza kuingia nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi, tucheke kidogo, kisha tubishane kama wasomi.

"Watatu," alisema upesi. Kisha akasita. Aliitazama kalamu yake. "Wawili," alisema. "Sasa ni wawili."

Chini, fundi alikuwa akigonga chuma, na tulimsikiliza wote kana kwamba ndiye aliyekuwa akitoa mhadhara. Mhadhiri wangu aliinamisha kichwa.

Yule mtu alivuta fomu ya alama karibu naye. Aliandika, akatia saini, akaifunika.

"Swali umelijibu," alisema. "Niitie anayefuata."

Nilifaulu. Beji mpya ilikuja kabla ya mwaka kwisha, na imeandikwa "Supavaiza" peke yake. Mume wangu alichinja kuku, na kwa mara ya kwanza bodi ya wakurugenzi ikampika. Washonaji walinipigia makofi. Watu wakiniuliza nilimshindaje mtahini wa nje, ambaye wengi aliwaangusha siku ile, nawaambia nilisoma sana.