Mafuta ya Chakula, Mafuta ya Mashine

Enzi za Mwingereza, mimi na mume wangu tulikuwa mafundi wa nguo, tukishonea barazani pa duka moja mtaa wa Mukendo. Mashine yetu tuliuziwa na mama mmoja wa Kiswidi, mke wa fundi wa mgodi wa dhahabu upande wa Butiama, walipokuwa wakirudi kwao.

Kabla hajaondoka nilimshonea mapazia nyumbani kwake. Nilijua kusoma, basi akanifunulia kitabu cha mashine, cha Kiswidi. Nikaona neno refu kama treni: *symaskinsoljekanna*.

“Usiogope,” akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. “Tafuta kwanza viungo. Silabi baadaye.”

*Sy* ni kushona. *Maskin* hutamkwa karibu na neno letu “mashine”. *Olje* ni mafuta, *kanna* ni kopo, na ile *s* ya katikati ni kama gundi. Sisi tunasema kopo la mafuta ya mashine ya kushonea. Wao wanaanzia kushona, kopo linakuja mwisho. Nikalivunja: sy-ma-skins-ol-je-kan-na. Akapiga makofi. Tangu siku hiyo sikushona kwake bila kuvunja neno jipya.

Mwaka uliofuata tukapewa kazi ya harusi ya Bunda, nguo za bibi harusi na dada zake wote. Tulikuwa katikati ya kazi mashine ikakaza, gurudumu halizunguki. Kopo la mafuta lilikuwa tupu. Mume wangu akaja na chupa ya mafuta ya karanga.

“Mafuta ni mafuta, mke wangu. Nilikuwaga naona mafundi wanatia haya haya.”

“Ngoja nisome kwanza.”

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi mkekani akichambua mchele, akaguna. “Harusi kesho kutwa, mtu anasoma!”

Nikafungua kitabu tulichoachiwa pamoja na mashine. Chini ya picha ya mashine paliandikwa *aldrig matolja*. *Aldrig* nililijua, maana ndilo yule mama wa Kiswidi alilokuwa akimkemea nalo mbwa wake: kamwe, usithubutu. Lakini *matolja*? Nikasoma ma-tol-ja. Halina maana. Nikarudia, ma-tol-ja, mume wangu ameshika chupa juu ya mashine. Ndipo nikakumbuka: viungo kwanza. *Mat*, chakula. *Olja*, ndiyo ile *olje*, mafuta.

“Acha!” nikapiga kelele. “Mat-olja! Mafuta ya chakula. Kitabu kinasema kamwe!”

Akaniangalia, akaangalia chupa, akaiweka chini. “Una hakika?”

“Ninayo.”

Hakuuliza tena. Alikwenda mtaa wa Iringo kwa fundi baiskeli, akarudi na mafuta mepesi ya mashine. Tukatia kwenye kila tundu lililochorwa mshale, tukasubiri, nikazungusha gurudumu kwa mkono. Likagoma, likalegea, kisha likazunguka kwa sauti laini.

Harusi ilifanyika Kabasa, huko huko Bunda. Nilipoona wale mabinti wakitoka mstari mmoja, hakuna mshono uliopinda, kifua kilinijaa. Wanawake wakamuuliza mama mkwe fundi ni nani.

“Mkwe wangu,” akasema, akijifunga kanga vizuri. “Huyu anasoma lugha ambayo hata D.C. haijui.”

Sikumsahihisha. Sijui kama D.C. aliijua au hakuijua. Nilijipakulia pilau, nikala nikiwa nimekaa wima.