Ini Langu Lilimsemea Yuditha

Ndugu zangu mnaosubiri majibu hapa kliniki, wakubwa shikamooni, na wadogo hamjambo. Naitwa Sauda. Nyumbani ni Ujiji, cherehani yangu iko Mwanga. Kabla sijaugua nilikuwa na nguvu zangu. Nilishona kutwa, jioni nikakaanga migebuka, samaki wetu wa ziwani, na bado nikabaki na sauti ya kuimba kwenye shughuli za watu.

Ugonjwa wangu ulianza zamani, ila sikujua. Imepita miaka zaidi ya ishirini tangu nimzae binti yangu, Mwajuma. Siku ile damu ilinitoka mpaka godoro likalowa. Kitanda cha pili alilala mkulima wa Simbo, naye katoka kujifungua kwa kupasuliwa. Tuliongezewa damu asubuhi moja. Nilipofumbua macho nikamkuta ananitazama.

"Mwakeye, mama," akanisalimia kwa Kiha. "Nilikuwa nahesabu pumzi zako. Ungechelewa moja tu, ningemwita nesi."

Huyo ndiye Yuditha. Tangu hapo tukawa ndugu. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, lakini Idi alikuwa kwangu na Krismasi nilikuwa kwake. Akija mjini ananiletea mawese na unga wa muhogo, akirudi namfungia dagaa. Nguo zake zote nilishona mimi, na kila mara alilalamika kwamba nimembana kiunoni.

Miaka ikapita. Nikaanza kuchoka, uchovu wa kuamka nao. Mwili ukawasha usiku na mchana bila kipele hata kimoja. Mume wangu Hamisi, yule pale amekaa nyuma, alikuwa ananikuna mgongo kwa kitana mpaka mkono unakufa ganzi. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Macho yakageuka manjano. Mwisho tumbo likajaa, nikawa kama mwenye mimba ya miezi minane. Ukiubonyeza mguu wangu, shimo linabaki.

Daktari akanitoa maji tumboni kwa sindano, akanipima damu. "Mama, una homa ya ini, aina C," akasema. "Imekaa mwilini miaka mingi. Uliwahi kuongezewa damu?"

Nikamwambia ndiyo. Na hapo hapo nikamkumbuka Yuditha. Alikuwa amekonda, na ubavu wa kulia ukimuuma. Nikamtumia ujumbe aje apimwe. Akajibu, "Mama Mwajuma, ngoja nivune maharage kwanza." Nikamwacha avune. Kisha nikamfuata mwenyewe Simbo, nikamshika mkono, tukaja. Akatolewa damu huku ananitania kwamba nimezoea kumchoma na sindano za cherehani, sasa nimemleta kwa wenzangu.

Majibu hayakumkuta. Jumapili alitapika damu, mabakuli mawili. Wakamkimbiza zahanati, akafia mezani. Mganga wa zamu alikuwa amempima malaria, ikaonekana. Akaandika malaria. Simlaumu, aliandika alichokiona.

Baada ya siku chache daktari wangu akaniuliza, "Majibu ya mwenzio yametoka. Ni kama yako. Yuko wapi?"

"Tumeshamzika," nikasema. Akaiweka ile karatasi mezani, tukaitazama wote wawili.

Mimi nilianzishiwa vidonge, nikameza miezi sita bila kuruka siku. Huku nyuma, maneno yakawa mengi Simbo. Wengine walisema ni pombe. Kaka zake Yuditha wakasema mtu hatapiki damu kwa malaria, mume wake, Nyabenda, amemlisha sumu. Nyabenda, mwanaume mpole yule, akawa hakaribishwi tena ukweni. Alikuja kibandani kwangu, akakaa mpaka nikamaliza kupinda suruali nzima. Kisha akasema, "Shemeji, nataka tu iandikwe kilichomuua."

Wakili mmoja wa msaada wa kisheria akatushika mkono. Yakafunguliwa madai ya fidia dhidi ya hospitali ile tuliyojifungulia, jina sitalitaja. Tukaambiwa tuthibitishe mambo mawili: kwamba Yuditha aliuawa na ini, na kwamba ugonjwa uliingia kwa damu ile. Kitabu cha wodi kilipatikana, kinaonyesha tuliongezewa. Hakionyeshi kama damu ilipimwa.

Siku ya kikao mahakamani, wakili wa hospitali akaniuliza kwa upole, "Mama, marehemu alikuwa anakunywa pombe?"

Nyabenda akainamisha kichwa. Moyo wangu ukaniambia nikatae. Lakini nilikuwa nimeapa.

"Alikunywa," nikasema. "Pombe ya ndizi, kikombe kimoja, kwenye harusi. Akishamaliza anacheza mpaka anawachosha wapiga ngoma." Watu wakacheka. Nyabenda naye akacheka, machozi yanamtoka.

Nikaendelea. "Mimi sijawahi kuonja pombe tangu nizaliwe. Niliongezewa damu asubuhi ile ile, wodi ile ile. Na ini langu limeharibika kama lake. Nipimeni mimi."

Daktari wangu akasimama, akaeleza jinsi ini likijaa makovu mishipa ya juu ya tumbo inavyovimba na kupasuka. Akasema malaria ilimkuta mtu ambaye tayari anakufa.

Cheti cha kifo kimebadilishwa. Sasa kinasema alifariki kwa kutokwa damu, kutokana na ugonjwa wa ini. Kwamba ulitoka kwenye damu ya kuongezewa, wameandika "yaelekea". Fidia bado inabishaniwa, na neno hilo ndilo wanalolivuta huku na huku. Ila kaka mkubwa wa Yuditha alikisoma kile cheti mara mbili, akamwendea Nyabenda, akasema, "Shemeji, tusamehe. Njoo tule."

Mimi nilipopimwa tena, virusi havikuonekana. Makovu yapo, lakini nashona. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na wewe Hamisi na kitana chako.

Wenzangu, msiikatae damu. Bila ile nisingemlea Mwajuma, na siku hizi inapimwa. Mkishatibiwa, tunzeni karatasi zenu. Na ukimwona mwenzio anachoka, usimsubiri amalize kazi. Mimi nilimsubiri wangu avune maharage.